Chokoleti za vipande bila maziwa wala ngano: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kisumu na magharibi mwa Kenya

Maswali haya yanatoka kwa watu ninaowafundisha kupika hapa Kisumu na wengine wanaoniandikia kutoka Busia, Kakamega na Nakuru. Wengi ni Wasabato walioacha nyama, maziwa na mayai. Wengine ni wazazi ambao daktari amemkataza mtoto wao ngano, na wapo wanaotaka tu kupunguza sukari nyumbani. Nalisema mapema: karibu kila unachohitaji kiko soko la Kibuye. Kinachoharibu kazi hii ni njugu mbaya, unga uliochanganyika na joto la ziwani, wala si kukosa vitu vya kuagiza ng'ambo.

Kwani chokoleti za dukani zina ubaya gani?

Kwa mtu mwenye afya anayekula kipande mara moja moja, ubaya wake si mkubwa na sitaki kumtisha mtu. Shida inaanza kwa asiyekula kitu cha mnyama na kwa asiyeweza ngano. Snickers ina maziwa na ute wa yai. Twix na KitKat zina unga wa ngano pamoja na maziwa. Bounty ndani ni nazi, lakini chokoleti iliyoifunika ni ya maziwa.

Halafu kuna sukari. Katika vipande vingi vya aina hii, sukari inakaribia nusu ya uzani wote. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo ya pili ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Kipande kimoja cha gramu 50 kinaweza kumaliza kiwango hicho kabla hujagusa chai ya asubuhi.

Gluteni ni nini, na iko wapi?

Ni protini iliyo ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike usikatike. Wimbi, mtama, mahindi, mchele, muhogo, mbegu za mchicha, njugu, simsim na nazi hazina gluteni kwa asili yake.

Mahali inapojificha ni kwenye kimea cha shayiri. Kimea hutiwa katika vinywaji vingi vya unga vya chokoleti na katika punje za mchele zilizofurishwa za kiwandani, zile za kula na maziwa asubuhi. Mtu anaona mchele kwenye picha ya pakiti, anafikiri yuko salama. Soma maandishi madogo ya nyuma. Ukiona neno malt, rudisha kwenye rafu.

Tumbo langu hujaa gesi nikila mkate. Niache ngano sasa hivi?

Nenda hospitali kwanza, na uendelee kula kama kawaida mpaka upimwe. Wengi hawaambiwi hili. Ugonjwa wa siliaki, ambapo gluteni hufanya kinga ya mwili ishambulie utumbo, unampata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani. Huanza kuchunguzwa kwa kupima kinga fulani kwenye damu, na kinga hizo hupungua mtu akishaacha gluteni. Ukiacha mapema kipimo kinaweza kusema huna, kumbe unao. Ukithibitishwa, kuacha ni kwa maisha yote na hata makombo yana madhara. Ndiyo maana jibu linalofuata ni refu.

Wimbi na mtama havina gluteni. Kwa nini unakataza unga wa posho mill?

Simkatazi kila mtu. Namkataza anayempikia mgonjwa wa siliaki.

Tazama jinsi mashine ile inavyofanya kazi. Asubuhi mtu analeta mahindi, anayemfuata analeta ngano ya uji wa mtoto, wa tatu ana mchanganyiko wa wimbi, soya, ngano na omena. Hakuna anayefungua mashine na kuipangusa kati ya mteja na mteja. Unga wa kwanza unaotoka kwenye zamu yako una mabaki ya aliyekutangulia, na vumbi jeupe lililo kwenye kuta, kwenye mfuko wa kitambaa na kwenye ndoo limetoka kwa kila aliyepita. Kwa mla mimea asiye na ugonjwa, hilo si kitu, ila pale alipotangulia mwenye omena. Kwa mtoto mwenye siliaki, ni kitu kikubwa.

Kuna njia tatu ninazoziamini. Ya kwanza ni kununua wimbi zima, kulichagua, kuliosha, kulianika na kulisaga mwenyewe kwa blenda yenye kikombe kikavu au kinu kidogo cha mkono, kisha kuchunga. Unga hautakuwa laini sana lakini kwa biskuti unafaa. Ya pili ni kushirikiana na wenzako wenye shida hiyohiyo mkanunua kinu kimoja kisichoguswa na ngano. Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: tengeneza vipande visivyohitaji unga kabisa. Njugu, tende, simsim na nazi havipiti kwa mashine ya mtu.

Usisahau ungo. Ungo uliopepetewa ngano hautoki vumbi lote kwa kupigwapigwa. Weka mpya, uutie alama.

Na oti je?

Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini mara nyingi hulimwa, kusafirishwa na kufungwa mahali pamoja na ngano na shayiri. Bila pakiti inayotamka wazi kwamba hazina gluteni, ziache. Mbegu za mchicha zilizobisishwa zinachukua nafasi yake vizuri, na kwa ladha mimi naziona bora.

Asali inaruhusiwa?

Kwa asiyekula kitu cha mnyama, hapana. Asali ni ya nyuki. Tumia shira ya sukari nguru.

Nichague njugu gani?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu njugu ndizo msingi wa karibu kila kipande kwenye ukurasa huu, na ndizo zenye hatari kubwa kuliko ngano kwa watu wengi zaidi.

Njugu zilizovunwa na kuachwa na unyevu huota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaweza kuleta saratani ya ini. Wakenya tunaijua kwa machungu: mwaka 2004 ilipita kwenye mahindi mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, ikaua watu 125. Huwezi kuionja, na kukaanga hakuiondoi yote. Ulinzi wako mkubwa ni macho na mikono.

Nunua njugu zisizokaangwa, zikiwa na ganda lake jekundu, kutoka kwa muuzaji anayeweza kukuambia zimetoka wapi na zimevunwa lini. Zetu nyingi hutoka Homa Bay, hasa upande wa Ndhiwa, na nyingine Busia na Siaya. Chukua konzi moja kutoka katikati ya gunia, maana juu hupangwa nzuri. Ukiikunja mkononi isikie kavu na itoe mlio. Ikinusa kama chumba kilichofungwa muda mrefu, pita hata kama gorogoro imepunguzwa bei.

Nyumbani zimwage kwenye sinia jeupe mahali penye mwanga. Toa kila iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye unga wa kijani au mweusi, iliyopasuka na iliyotobolewa na mdudu. Usimpe kuku ulizozitupa. Sumu inamdhuru kuku pia. Kuchagua huku kunapunguza hatari kwa kiasi kikubwa kwa sababu sumu huwa imejikusanya kwenye punje chache mbaya. Kisha kaanga kwa moto mdogo kama dakika 15 ukikoroga bila kuacha, uzimenye zikipoa, uzichague mara ya pili. Zile zilizojificha ndani ya ganda sasa utaziona.

Siagi ya njugu itengeneze kutoka kwa njugu hizohizo, bila kitu kingine ila chumvi. Njugu zilizosagwa na mtu mwingine huwezi tena kuzichagua, na ndiyo sababu siwashauri wanafunzi wangu kununua ile ya kupimiwa kwenye chupa zisizo na jina.

Tende au sukari nguru: ipi haina sukari?

Zote zina sukari, na naomba tuambiane ukweli hapa. Karibu theluthi mbili ya uzani wa tende kavu ni sukari. Tofauti ni kwamba tende inakuja na nyuzinyuzi, kama gramu 7 au 8 kwa kila gramu 100, na ukitafuna tende tatu unashiba kuliko ukinywa soda. Sukari nguru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ina madini kidogo na ladha nzito ambayo sukari nyeupe haina, lakini mwilini inafanya kazi ileile ya sukari.

Basi afya inatoka wapi? Inatoka kwenye vipimo. Ukitengeneza mwenyewe, njugu na mbegu zinakuwa nyingi na kitamu kinakuwa kidogo, na unakata kipande cha gramu 25 badala ya 50. Mtu anayekula vipande vitano kwa sababu "ni vya tende" hajapata faida yoyote.

Kwa matumizi, tende ninaziweka mahali pa karameli na sukari nguru mahali pa kushikamanisha mbegu. Tende za kufaa ni zile laini. Kisumu utazipata mwaka mzima kwenye maduka ya Waislamu na ya Wahindi, na Ramadhani ndipo zinapokuwa nyingi na nafuu. Nunua za kutosha, zigandishe. Sukari nguru ya Kakamega au Bungoma huwa na mabaki ya miwa na wakati mwingine mchanga. Iyeyushe na maji kidogo, ichuje kwa kitambaa safi, kisha ichemshe tena mpaka iwe nzito.

Tende ni ghali kwetu Busia. Hakuna mbadala?

Upo, na mzuri: viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Vioke vikiwa na ganda mpaka vianze kutoa utomvu wa kahawia. Kuchemsha kunaviongezea maji na hutaki maji. Menya, ponda gramu 200 pamoja na vijiko 3 vya mezani vya siagi ya njugu, vijiko 2 vya shira nzito ya sukari nguru na chumvi kidogo, kisha ukaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo ukikoroga mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Wale wanaopita Kabondo wanajua viazi vya pale havihitaji hata hiyo shira. Ubaya wake ni mmoja: havikai. Siku 3 kwenye friji, basi.

Nipe namna ya kutengeneza ile ya njugu na karameli, mfano wa Snickers.

Kipimo hiki kinatoa vipande kama 30 vidogo.

Anza na tabaka la chini. Chukua kikombe kimoja cha njugu zilizokaangwa, uzisage zibaki na chembechembe. Changanya na nusu kikombe cha mchicha uliobisishwa, vijiko 3 vya mezani vya siagi ya njugu, vijiko 2 vya shira ya sukari nguru na chumvi kidogo. Ukiufinya mkononi ushikamane. Ukimwagika, ongeza siagi ya njugu wala si shira. Tandaza kwenye trei iliyowekwa karatasi ya kuokea, ugandamize kwa sehemu ya chini ya kikombe mpaka uwe bapa.

Karameli: toa kokwa tende gramu 200, ziloweke kwenye maji ya moto dakika 20, zichuje na uhifadhi yale maji. Zisage na vijiko 2 vya siagi ya njugu, robo kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 2 vya maji uliyohifadhi. Iwe nzito kiasi cha kusimama kwenye kijiko. Usiogope chumvi, bila hiyo utaonja tende tu, nayo ikiwepo utaonja karameli.

Paka juu ya tabaka la kwanza, nyunyiza gramu 100 za njugu nzima, zigandamize ziingie. Weka kwenye friza saa moja. Kata kwa kisu kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa. Rudisha friza wakati unayeyusha chokoleti gramu 150, kisha chovya kipande kimoja kimoja kwa uma.

Kubisha mchicha ni kazi ya sekunde: sufuria kavu iwe moto sana, tia kijiko kimoja tu cha mbegu, funika, tikisa. Zikishakuwa nyeupe mwaga mara moja. Ukitia nyingi, za chini zinaungua kabla za juu hazijapasuka.

Sina blenda wala friji.

Kinu na mchi vinatosha. Tende zikilowa nusu saa zinapondeka bila shida. Bila friji, usitumie karameli ya tende kama unataka kuweka akiba. Tengeneza vipande vya simsim vilivyoelezwa hapa chini, ambavyo havihitaji baridi yoyote.

Chokoleti ipi haina maziwa?

Nyeusi, yenye kakao asilimia 70 au zaidi, ndiyo pa kuanzia, lakini weusi si uthibitisho. Viwanda vingine hutia mafuta ya maziwa hata kwenye nyeusi. Tafuta maneno milk, whey au lactose kwenye orodha, na ukiona lolote, iache. Maneno yanayosema huenda kuna mabaki ya maziwa kwa sababu ya mashine ni suala jingine: wengi wanaokula mimea tu hulivumilia, mwenye mzio wa maziwa asilivumilie kamwe.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, yeyusha gramu 100 za mafuta ya nazi ya kula, tia gramu 60 za unga wa kakao uliochungwa na gramu 40 za sukari iliyosagwa laini. Usitie shira, ina maji, na maji na mafuta yatakataana.

Naomba uangalie chupa ya mafuta hayo vizuri. Mafuta ya nazi ya nywele na siagi ya kakao ya ngozi, vinavyouzwa kwenye maduka ya vipodozi, si chakula hata kama vinanukia vizuri.

Chokoleti yangu inayeyuka kabla sijaila. Rafiki yangu wa Nakuru anafanya vilevile na yake inaganda.

Hamfanyi vilevile, kwa sababu hewa si moja. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mchana wa Kisumu hufika 29 au 30, kwa hiyo chupa yenyewe mezani ni maji. Nakuru iko juu zaidi na baridi yake inatosha kuyagandisha siku nyingi. Ile chokoleti ya mafuta ya nazi ni ya Nakuru na Eldoret. Hapa kwetu ni ya kuliwa moja kwa moja kutoka kwenye friji.

Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, ambayo huyeyuka karibu nyuzi 34, kwa hiyo inaweza kusimama kivulini hata Kisumu, mradi imegandishwa kwa utaratibu. Katakata chokoleti yote. Yeyusha theluthi mbili kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji, mpaka nyuzi 45 hivi. Ondoa, tia theluthi iliyobaki, koroga polepole mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Ukigusa mdomoni uisikie baridi kidogo. Chovya hapo. Fanya hivi saa 11 alfajiri, kabla bati la nyumba halijapata jua. Mchana wa Februari usijaribu, hata feni haitakusaidia.

Kwa safari au kwa kuuza nje, mimi nachagua kutofunika kabisa. Natia kakao ndani ya tabaka la chini, na juu nabingirisha kwenye simsim iliyokaangwa. Utamu wa chokoleti unabaki, na vidole vya watoto vinabaki safi.

Imekuwa donge gumu nilipokuwa nayeyusha.

Tone la maji au mvuke limeingia. Pangusa bakuli na mwiko viwe vikavu kabisa kabla hujaanza. Hilo donge usilitupe. Liongezee maji ya moto kijiko kimoja kimoja ukikoroga, litalainika liwe mchuzi wa kumwagia ndizi.

Na mabaka meupe yanayotokea baada ya siku kadhaa si kuvu. Ni mafuta au sukari iliyopanda juu kwa sababu ya joto na unyevu. Inalika.

Ya nazi, mfano wa Bounty?

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Nazi kavu iliyokunwa gramu 200, tui zito mililita 100, vijiko 3 vya shira ya sukari nguru, chumvi kidogo na vanila. Changanya, acha dakika 15 nazi inywe tui, finyanga vidole vinene, gandisha, chovya kwenye chokoleti.

Ukitumia nazi mbichi, ikune na uikaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo bila kuibadilisha rangi. Nazi zinazofika kwetu zimesafiri kutoka Kilifi na Kwale, kwa hiyo itikise usikie maji ndani, na utazame yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, mwachie muuzaji.

Ya biskuti, mfano wa Twix?

Watu wa Busia na Teso wamechanganya muhogo na wimbi kwenye ugali tangu zamani, na mchanganyiko huohuo unafanya biskuti ambayo sijaona unga wa kununua ukiishinda. Wimbi linatoa ladha, muhogo unashika.

Chukua unga wa wimbi gramu 120, unga wa muhogo gramu 60, sukari nguru iliyosagwa gramu 60, mafuta ya kupikia mililita 70 na chumvi. Loweka kijiko kimoja cha mezani cha mbegu za chia kwenye vijiko 3 vya maji kwa dakika 10. Huo ute ndio badala ya yai. Kanda, gandamiza kwenye trei unene wa sentimita moja, toboa kwa uma, oka kwenye nyuzi 170 kwa dakika 20 hadi 25. Kwenye jiko la makaa, weka trei ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini, funika, na uweke makaa machache juu ya kifuniko.

Ikitoka, iache ipoe kabisa ndipo uikate. Biskuti isiyo na gluteni ikikatwa moto inasambaratika. Paka karameli ya tende, kisha chokoleti.

Unga wa muhogo utoke kwenye muhogo uliomenywa, ukalowekwa au kuvundikwa na kukaushwa vizuri, kwa sababu muhogo mchungu una sumu ambayo utayarishaji huo ndio unaoipunguza.

Kipimajoto changu kinasema shira bado, lakini tayari imeungua. Kimeharibika?

Pengine ni kizima. Vipimo vya vitabuni ni vya pwani, penye usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130 juu na maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu 94. Shira nayo hushuka vivyo hivyo. Tumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka nyumbani kwako, uone yamepungukiwa nyuzi ngapi kufika 100, na kila kipimo cha kitabu ukipunguze kiasi hicho.

Au fanya kama wapishi wa kashata: dondosha tone kwenye maji baridi. Likifanya kidonge laini, ni la karameli ya kutafuna. Likivunjika kwa mlio, ni la vipande vya simsim.

Vipande vya simsim vinatengenezwaje?

Kaanga gramu 200 za simsim kwenye sufuria kavu mpaka zianze kurukaruka na kunukia. Pika gramu 150 za sukari nguru iliyochujwa na vijiko 2 vya maji mpaka tone livunjike. Epua, mwaga simsim na chumvi, koroga haraka, mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta, sukuma kwa pini. Kata ingali na joto. Ikipoa utavunja tu. Nusu ya simsim unaweza kuibadilisha kwa njugu, mbegu za maboga au mchicha. Sukari yake si kidogo, kwa hiyo kata vidole vyembamba.

Wahindi wa Kisumu hutengeneza chiki kwa njia hiihii, na ukinunua kwao uliza tu kama wametia samli.

Watoto wanaweza kula?

Walio chini ya miaka 5 wasipewe njugu nzima kwa sababu ya kupaliwa, saga zote. Kwa mwenye mzio wa njugu, mbegu za maboga au alizeti zinafaa mahali pake, lakini simsim nayo huleta mzio kwa baadhi ya watu, kwa hiyo uliza kabla ya kupeleka shuleni au kanisani.

Mama yangu ana kisukari. Nimpe?

Kipande kidogo cha njugu nyingi, baada ya chakula na si badala yake, na kwanza umuulize mhudumu wake wa kliniki. Tende zitapandisha sukari yake. Akipima kabla na saa mbili baada ya kula, mtajua mwili wake unavyokipokea.

Vinakaa muda gani?

Vya karameli ya tende: wiki 2 kwenye friji, miezi 3 kwenye friza. Nje kwa joto la Kisumu, siku 2. Vya nazi yenye tui, wiki moja kwenye friji. Stima ikipotea siku nzima, vileni jioni hiyohiyo. Vya simsim vinakaa wiki kadhaa kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, lakini ukiiacha wazi unyevu wa ziwa utavifanya vinate.

Nataka kuuza. Naweza kuandika "bila gluteni" kwenye karatasi?

Bado. Kiwango cha kimataifa kinataka gluteni isizidi miligramu 20 kwa kila kilo, na hilo linajulikana kwa kipimo cha maabara tu. Kabla ya hapo andika viungo vyote kwa majina, na kama jikoni mwako mnapika chapati, liandike pia. Mteja mwenye siliaki atakushukuru kwa kumwambia asinunue.

Upande wa serikali utahitaji kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha afya cha mshika chakula, ambacho hurudiwa kila miezi 6, na ukitaka kuingia supamaketi, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Anza na ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako. Watakuja kuona jikoni, na watakuuliza njugu unazinunua wapi.